Pampu ndogo ya jakuzi inavuma lakini maji hayazunguki: je, imekufa kweli?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Jakuzi letu lina miaka saba. Wiki iliyopita tulimwaga maji yote, tukaliosha na kulijaza upya. Tangu siku hiyo skrini inaonyesha FLO, hita haiwaki na maji hayapati moto. Pampu kubwa ya mabubujiko inafanya kazi vizuri. Ile ndogo ya kuzungusha maji inavuma, ukiigusa ina joto kali, na chini yake kuna unyevu kidogo. Fundi aliyekuja aliitazama dakika tano akasema imekufa, tununue nyingine. Je, ni kweli? Na kama ni lazima kubadilisha, mimi na kaka yangu tunaweza kuifanya kazi hiyo wenyewe?"

Jibu: Salama, dada. Huenda imekufa, lakini katika yote uliyoeleza hakuna bado kinachothibitisha. Kuna neno moja katika barua yako ambalo lingenifanya nisikubali kununua chochote leo: mlibadilisha maji, na shida ikaanza siku hiyohiyo. Pampu iliyozunguka vizuri hadi asubuhi, ikaanza kuvuma mchana baada ya maji mapya kuingia, mara nyingi haijafa. Imemeza hewa.

Nalisema hili kwa uchungu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilibadilisha pampu nzima kwenye jakuzi lililojazwa maji siku mbili kabla. Mpya nayo ikavuma vilevile. Nilihangaika hadi jioni, kisha nikalegeza nati ya bomba, na hewa ikatoka ikilia kama tairi linalopungua upepo. Pampu ya zamani ilikuwa nzima, na mwenye jakuzi alikwisha lipa. Tangu siku ile, kabla sijafungua boksi la vifaa, swali langu la kwanza ni hili: mara ya mwisho maji yamebadilishwa lini?

Tuanze na hiyo FLO. Hita ya jakuzi ni waya wa moto uliofichwa ndani ya bomba fupi la chuma, na maji hupita humo humo. Maji yakisimama, hayo machache yaliyobaki ndani ya bomba huchemka haraka sana na hita huungua. Kwa hiyo bodi ya umeme hairuhusu hita kuwaka hadi ipate ushahidi kwamba maji yanapita. Majakuzi mengine hupata ushahidi huo kwa swichi ndogo inayosukumwa na shinikizo la maji, mengine kwa kipimo cha mkondo, na mengine kwa vihisi viwili vya joto vinavyolinganisha maji yanayoingia kwenye hita na yanayotoka. Kila mtengenezaji ana herufi zake, basi hakikisha kwenye kitabu cha jakuzi lako, lakini FLO kwa kawaida humaanisha "sioni maji yakipita". Haimaanishi pampu imekufa. Pampu ni mmoja tu wa washukiwa, na kwa bei yake anastahili kuhojiwa wa mwisho.

Kwamba pampu kubwa inafanya kazi ni habari njema: umeme unafika kwenye jakuzi, na huenda kina cha maji kinatosha. Lakini usiitumie kuihukumu ndogo. Katika jakuzi lenye pampu mbili kama lako, ndogo kwa kawaida ina njia yake ya kunyonya, bomba lake jembamba, na tundu lake la kurudishia maji. Kubwa inaweza kububujisha jakuzi zima huku ndogo haipitishi hata kikombe kimoja.

Kabla hujafungua mlango wa pembeni, zima umeme kwenye breka ya jakuzi, si kwenye vitufe vya skrini. Kama breka ina nafasi ya kufuli, weka kufuli. Kama haina, kaka yako abaki na ujumbe mmoja tu wa kuwaambia watu wa nyumbani: mtu yeyote asiiguse breka. Mguu kwenye maji na mkono kwenye waya wenye volti 230 hauhitaji bahati mbaya kubwa. Kila ninapoandika hapa chini kwamba kipimo fulani kinahitaji umeme uwe umewashwa na nyaya ziko wazi, maana yake ni kwamba kazi hiyo ni ya fundi umeme aliyesomea. Mengine yote mnaweza.

Sasa toeni hewa. Pampu ya mzunguko hukaa chini kuliko uso wa maji, kwa hiyo maji yenyewe yana uzito wa kuijaza yakipewa njia. Tatizo ni kwamba mkijaza jakuzi kwa kumwaga mpira wa maji katikati ya beseni, maji hupanda kutoka chini na kuifungia hewa ndani ya bomba la pampu. Impela, ile gurudumu ndogo yenye mapezi inayosukuma maji, haiwezi kusukuma hewa. Inazunguka bure, pampu inavuma, na kwa kuwa hakuna maji ya kuipoza, inapata joto. Hicho ndicho ulichoeleza.

Umeme ukiwa umezimwa, tafuta nati kubwa za plastiki zinazounganisha pampu na mabomba. Mafundi huziita yunioni. Chagua ile ya upande wa kutolea maji, iliyo juu zaidi, na uilegeze kwa mkono polepole, robo ya mzunguko, kisha robo nyingine. Usiifungue kabisa. Utasikia hewa ikitoka, kisha itakohoa maji na hewa pamoja, kisha maji matupu yataanza kuchirizika bila kukatika. Hapo ikaze tena. Kama pampu yenu imeunganishwa kwa mpira uliobanwa kwa klipu badala ya yunioni, ipo njia nyingine. Toa filta, zungushia kitambaa mdomo wa mpira wa maji, uusukume kwenye tundu lililo chini ya filta, na ufungulie maji kwa nusu dakika hadi dakika moja. Mtu wa pili aangalie ndani ya beseni: mapovu yakitoka kwenye tundu dogo la kurudishia, hewa ndiyo hiyo inaondoka. Njia hii ya pili ndiyo pia njia sahihi ya kujaza jakuzi kila mkibadilisha maji. Mpira ukianzia kwenye tundu la filta, maji huingia kwenye mabomba kabla ya beseni, na hewa husukumwa mbele yake.

Washeni, msubiri dakika mbili, kisha ziba tundu dogo la kurudishia kwa kiganja. Mkondo wa pampu hii si wa kutisha. Ni kama mtu anakupulizia maji taratibu. Lakini lazima uwepo. Ukiusikia, na FLO ikapotea, kazi yenu imeisha na hamjatumia hata senti.

Isipopotea, toa filta na ujaribu bila filta kwa dakika chache. Funga nywele, na watoto wakae mbali, maana tundu la kunyonya lisilo na kifuniko ni la hatari. Mkondo ukirudi, filta ndiyo iliyoziba. Usidanganyike na weupe wake. Mafuta ya mwili na losheni hujipaka ndani ya mikunjo ya kitambaa, na filta inayoonekana safi inaweza kukataa maji kabisa. Mimina kikombe cha maji juu yake: kitambaa kizima hunywa maji mara moja, kilichojaa mafuta huyaacha yateleze. Kusuuza kwa maji hakuondoi mafuta; inahitaji kulowekwa usiku kucha kwenye dawa ya kuoshea filta. Pia tazama vali za kukata maji pande zote mbili za pampu. Mlipomwaga maji huenda mtu alifunga moja na hakuna aliyeikumbuka. Vali za kusukuma na kuvuta zina tabia ya kushuka zenyewe kwa mtikisiko, kwa hiyo zivute juu kabisa na urudishe kipini chake.

Tuseme hewa imetoka, filta nje, vali wazi, na bado hakuna mkondo. Sasa ndiyo tuisikilize pampu yenyewe.

Chukua kijiti kikavu cha mbao, mpini wa ufagio unatosha. Pampu ikiwa imewashwa, weka ncha moja kwenye ganda lake, mbali na nyaya, na nyingine kwenye mfupa nyuma ya sikio. Pampu inayozunguka ina sauti laini yenye mwendo, na mkono ukiwa juu ya ganda unasikia mtikisiko mwepesi. Pampu iliyokwama ina mvumo mmoja mzito usiobadilika, kama transfoma, na haitikisiki. Ndani ya dakika chache inakuwa ya moto hadi huwezi kushika, kisha inanyamaza ghafla. Hiyo ni swichi ya joto iliyomo ndani ya mota inayojikata ili koili, zile nyaya zilizoviringwa ndani ya mota, zisiungue. Ikipoa inajaribu tena, inavuma, inakata. Ukiona mzunguko huo wa kuvuma na kunyamaza, zima mara moja. Kila jaribio linachoma sehemu ya vanishi ya koili. Na ukisikia mlio wa kukwaruza, kama chuma kinasagwa, hizo ni beringi, na beringi zilizofika hapo hazirudi nyuma.

Pampu inayovuma bila kuzunguka ina sababu tatu za kawaida. Ya kwanza ni uchafu au magamba ya chokaa yaliyoshika impela. Baada ya kumwaga maji na kuliacha jakuzi tupu hata siku mbili, chokaa iliyolainika hukauka na kuganda kama saruji. Zima umeme, funga vali, weka ndoo, fungua mbele ya pampu na utazame. Nimewahi kutoa nywele, uzi wa nguo ya kuogelea, jani, na kipande cha filta. Pampu nyingi zina mfuniko mdogo nyuma ya mota. Ukiutoa unaona ncha ya shafti, yaani mhimili unaozungusha impela, yenye mfereji wa bisibisi. Izungushe kwa mkono. Inapaswa kwenda kwa upole, ikiwa na msuguano kidogo tu wa sili, kile kizuio kinachozuia maji kuingia kwenye mota. Ikikwama mwanzoni kisha ikaachia, jaribu kuwasha: huenda umeiokoa. Ikizunguka kwa kukwaruza kama kuna mchanga ndani, beringi zimekwisha. Kuna aina nyingine ambayo haina shafti kabisa. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, ni kikombe chenye sumaku kinachoelea juu ya kipira kidogo cha seramiki ndani ya maji. Hiyo ukiifungua, ukailoweka rota kwenye siki hadi chokaa iyeyuke, mara nyingi hufufuka.

Sababu ya pili ni kapasita, kile kikopo kidogo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Ikiwa imevimba au inavuja mafuta, imekufa, na bei yake si kitu ukilinganisha na pampu. Lakini usiiguse miguu yake hata baada ya kuzima umeme. Huhifadhi chaji, na fundi huitoa chaji hiyo kwanza. Si kila pampu ndogo ina kapasita unayoweza kuifikia. Sababu ya tatu ni koili zilizoungua. Hizi utazijua kwa harufu: ukali fulani kama vanishi iliyoungua ambao hautoki puani siku nzima.

Kwa upande wa umeme, kipimo kimoja kinamaliza ubishi wote. Fundi umeme apime volti kwenye plagi ya pampu wakati bodi inaiamuru iwake. Volti zikiwepo kamili na pampu haizunguki, kosa liko kwenye pampu. Zisipokuwepo, pampu haina hatia: tazameni fyuzi ya bodi, rilei (swichi ya bodi inayowasha pampu), au waya ulioliwa na panya. Kwenu, kwa kuwa inavuma, umeme unafika, kwa hiyo mimi ningemwomba apime kitu kingine: ampea. Pampu ya mzunguko hula umeme kidogo, na kiasi chake kimeandikwa kwenye lebo. Inayokula zaidi sana ya lebo imekwama. Inayokula pungufu mara nyingi inazunguka kwenye hewa. Ningetamani kila fundi aanze na kipimo hicho kabla ya kumwambia mtu anunue.

Ninyi wenyewe, umeme ukiwa umezimwa na plagi ya pampu imechomolewa, mnaweza kuweka multimita kwenye omu. Kati ya nyaya mbili za umeme za pampu lazima usomaji uwepo na utulie. Mita ikionyesha njia imekatika, ngojeni kwanza pampu ipoe kabisa, maana inaweza kuwa ni ile swichi ya joto imejikata tu. Kati ya kila mmoja wa nyaya hizo mbili na ganda la chuma lazima kusiwe na njia kabisa. Mkiona njia, pampu inavujisha umeme na haifai kuwashwa tena hata sekunde moja. Ila mkikosa kuona, msiseme ni salama kwa asilimia mia. Betri ya multimita ni dhaifu mno kuonyesha uvujaji unaotokea mota ikiwa na joto. Fundi umeme ana kifaa kinachopima kwa volti 500. Na ikiwa swichi ya usalama, ile inayokata umeme unapovuja, inakata kila mara, chomoeni pampu kwanza, kisha mrudishe umeme. Ikiendelea kukata, hita ndiyo inayofuata kushukiwa, na kwa uzoefu wangu hita hukosea mara nyingi kuliko pampu.

Sasa ule unyevu. Huu ndio unaonitia wasiwasi zaidi ya mvumo. Lala chini na tochi, utazame mahali kichwa cha plastiki kinapokutana na mota. Unyevu ukitoka kwenye nati za mabomba, ni oringi tu: kipete cha mpira kisichogharimu kitu. Lakini ukiona mstari mweupe wa chumvi ukiteremka kutoka katikati, nyuma ya kichwa cha plastiki, pengine na michirizi ya kutu kahawia chini yake, hiyo ni sili ya shafti. Sili ni nyuso mbili zinazosagana, moja ya kaboni na moja ya seramiki, laini kama kioo, na filamu nyembamba ya maji kati yake ndiyo inayozipoza. Ikizunguka kavu huungua kwa muda mfupi sana, na ndiyo maana hewa iliyokwama si jambo la kuachia wiki nzima. Huenda hewa ilikuwa kosa la kwanza, na siku saba za kuzunguka kavu zikazaa kosa la pili.

Sili pekee hubadilishwa, na kwa pampu kubwa nafanya hivyo mara nyingi. Kwa pampu ndogo ya miaka saba ningesita. Pampu inayozunguka usiku na mchana hufanya saa 8,760 kwa mwaka. Yenu imekaribia saa 61,000. Maji yakipita sili hurukia beringi ya mbele, na kutu ikishaingia humo, sili mpya itasimama kwenye shafti inayoyumba. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: ikiwa inazunguka kimya baada ya kutolewa hewa na panakauka chini, iacheni iishi. Ikiwa ina mstari mweupe na pia inakwaruza au inakwama, badilisheni pampu nzima, msihangaike na vipande.

Mkienda kununua, msinunue kwa umbo. Piga picha lebo ya zamani na ulinganishe volti, hezi (marudio ya umeme kwa sekunde), ampea, na ukubwa wa mabomba. Hezi ndizo watu husahau. Pampu iliyotengenezwa kwa umeme wa hezi 60 ukiiwekea umeme wa hezi 50 huzunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, nguvu yake ya kusukuma hupungua kwa karibu theluthi moja, na mota hupata joto kupita kiasi. Utarudi kwenye FLO ileile ukiwa na pampu mpya. Kuhusu yunioni, jina la ukubwa wake ni la bomba, si la nyuzi unazoziona: nyuzi zenye upana wa karibu inchi 3 ni za bomba la inchi 2, na zenye upana mdogo kuliko huo ni za bomba dogo zaidi, basi pima kwa rula na umwambie muuzaji umepima nini. Tazama pia upande ambao tundu la kutolea maji linaelekea, na aina ya plagi. Na msikubali kuuziwa yenye nguvu zaidi. Bomba jembamba halitapitisha zaidi, ila mtapata kelele, umeme mwingi, na rilei ya bodi iliyobebeshwa mzigo isiyopimiwa.

Kazi yenyewe ya kubadilisha, dada, mnaiweza. Zimeni breka na mhakikishe kwa kipima umeme kwamba hakuna kitu. Pigeni picha nyingi za nyaya na mabomba kabla ya kugusa. Fungeni vali zote mbili. Kama hakuna vali, maji yote yatatoka na mtajaza upya. Tandikeni taulo, wekeni ndoo, legezeni yunioni kwa mikono na mshike oringi zisianguke kwenye giza la chini. Mpira uliobanwa kwa klipu, ukishakakamaa, usiuvute kwa nguvu, maana utavunja kijiti cha plastiki cha upande wa pili. Umwagie maji ya moto ulegee, au uukate mbele kidogo ikiwa urefu unaruhusu. Mara nyingi kuna waya mmoja wa shaba nene usio na ganda au wenye ganda la kijani, uliofungwa kwa skrubu kwenye mwili wa mota. Huo ndio unaounganisha vyuma vyote vya jakuzi ili pasiwe na tofauti ya umeme kati yao. Nimekuta pampu nyingi ambazo mtu wa kwanza aliuacha ukining'inia kwa sababu "inafanya kazi hata bila huo". Inafanya kazi kweli, hadi siku umeme utakapovuja na mtu yumo ndani ya maji. Urudisheni, na mkaze.

Oringi ziwe mpya, zipakwe grisi ya silikoni kidogo sana. Si mafuta ya kujipaka wala grisi ya gari. Mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Kazeni yunioni kwa mkono, kisha robo ya mzunguko, basi. Ikivuja baada ya hapo, tatizo ni oringi iliyokaa vibaya, na spana kubwa itapasua plastiki tu. Rudisheni kile kipande cha mpira chini ya miguu ya pampu. Bila hicho nyumba nzima itaisikia usiku.

Fungueni vali ya kunyonya kwanza, taratibu, yunioni ya kutolea ikiwa imelegezwa kidogo, hadi maji matupu yachirizike. Kazeni, fungueni vali ya pili. Kabla ya kuwasha, futeni kila kiungo kikauke, kisha mpitishe karatasi ya chooni juu yake. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho halioni. Washeni sekunde kumi, zimeni, washeni tena. Hewa iliyobaki hupanda wakati pampu imesimama. Bonyezeni kitufe cha kujaribu cha swichi ya usalama mhakikishe inakata. Saa 24 baadaye rudieni na karatasi, kwa sababu plastiki hulegea kidogo ikipata joto.

Kuhusu kuoga: msiingie hadi maji yawe yamezunguka na kupimwa. Maji vuguvugu yaliyosimama wiki nzima ndiyo makao ya bakteria wa Legionella, ambao hustawi kati ya nyuzijoto 25 na 45, na wa Pseudomonas wanaoleta vipele vya ngozi. Dawa mliyoitia huenda haikusambaa vizuri, maana pampu ya kuizungusha haikupitisha maji. Kwa kuwa mtafungua mabomba, mimi ningeyamwaga maji haya, nikajaza mapya kupitia tundu la filta, nikatia dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo kikubwa, kisha nikasubiri klorini isimame kwenye miligramu 3 kwa lita au zaidi kidogo na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. Na kama mko mahali ambapo maji huganda usiku, msiliache jakuzi lenye pampu iliyosimama hata usiku mmoja, mabomba yanaweza kupasuka.

Pampu ya zamani, ikiwa mmeitoa, msiitupe bado. Ifungueni mezani. Magamba meupe kwenye impela yanasema maji yenu yana chokaa nyingi, na pampu mpya itapata ugonjwa huohuo msipoyarekebisha maji hayo. Kaboni iliyopasuka na yenye weusi wa kuungua inasema ilizunguka kavu. Vyuma vilivyolika, vyenye vijishimo, vinasema maji yalikuwa na asidi. Hapo nitawauliza kama mnatumia vidonge vya klorini vinavyokaa kwenye tundu la filta, kwa sababu vingi ni vya asidi kali na pampu ikisimama asidi hiyo hukaa juu yake. Nipigie picha ya impela na ya sili kwa karibu, kwenye mwanga wa jua, na uniandikie pH mliyopima mara ya mwisho kabla ya kumwaga maji. Nitakuambia kipi kati ya hivyo vitatu kilichoiua.